Duka la mihuri na mabango Mnazi Mmoja, na mzee aliyeniuliza Mtume yuko ukurasa wa ngapi

Bwana asifiwe wapendwa. Najua wengi wanaoanza huduma wanahangaika wapi watengenezee bango na mhuri kwa bei ya kawaida, na mimi mwaka huu nimepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo naandika nilichokutana nacho kwenye duka moja pale Mnazi Mmoja, unapanda ngazi juu ya maduka ya vitenge upande wa Mtaa wa Uhuru. Jina la duka sitaji maana mwenye nalo ni mzee anayetaka kazi yake tu, hataki kutangazwa, na pia kuna kasoro nitazisema humu. Ila nitaelezea kila kitu ili ukienda duka lolote lile ujue uulize nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kimara. Miaka 3 iliyopita mimi na mke wangu tulianza kuomba na majirani sebuleni kwetu kila Alhamisi jioni, tulikuwa watu 4, mpaka mwaka huu unaanza tumefika watu wazima 17 na watoto wao, sebule ikawa haitoshi, watoto wanakaa mpaka jikoni. Tukapata banda la kukodi, tukaandika katiba, tukapeleka maombi kwa Msajili wa Jumuiya kule Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na namshukuru Mungu cheti kikatoka. Sasa kilichobaki ni vifaa: bango la flex (lile turubai la plastiki linalochapwa) la mita 3 kwa 2, mihuri miwili, karatasi zenye kichwa cha huduma, kadi, na vitabu vya stakabadhi vya kuandikia sadaka na michango.

Nilipanda mwendokasi asubuhi nikashuka Gerezani nikatembea. Kwenye simu nilikuwa na dizaini alizonichorea kijana mmoja wa pale kwetu, na hapa niseme ukweli wote maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nalisifia hili duka. Kwenye bango kulikuwa na picha yangu kubwa nusu ya bango zima, suti, mkono umenyooka, nyuma moto na njiwa. Kwenye kadi na kwenye mhuri jina langu lilitanguliwa na "Mtume Dkt."

Huo utume ulianzia kwenye mkesha wetu mmoja, alikuja mhubiri mgeni akaniwekea mkono kichwani akasema naona utume juu yako, watu wakashangilia, na toka usiku ule wakaanza kuniita mtume na mimi sikuwakataza. Niliupenda. Nilikuwa nikiitwa hivyo najisikia kama ile miaka yote ya kuomba sebuleni imeonekana. Mke wangu yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja, na sikumuuliza kwa nini.

Udaktari nao ulitoka kwa watu fulani wanaotoa huduma ya kuwatawaza watumishi, wana pakeji kabisa, unalipa shilingi 1,800,000 unapata shahada ya heshima yenye fremu, joho, pete, na siku ya kuwekewa mikono kuwa askofu, nikawa nimeshawalipa 200,000 za kuanzia. Nitarudi kwao mbele kidogo.

Dukani unaingia unakutana na mashine kubwa ya flex inanguruma na harufu ya wino, mbele kuna vijana wawili wa kompyuta, na kule mwisho dirishani amekaa mzee mmoja wa mihuri, miwani imefungwa kamba shingoni. Nikamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba kijana wangu karibu ukae, akaangalia dizaini kwenye simu yangu bila kusema kitu. Halafu akaniomba cheti cha usajili na katiba.

Hapo tu nikajua huyu ni tofauti. Maduka mawili niliyopita kabla hakuna aliyeniomba karatasi yoyote, wanakuuliza unataka duara au mstatili, wino wa bluu au mwekundu, basi. Mtu yeyote angeweza kuingia pale akachonga mhuri wa kanisa ambalo sio lake. Nilikuwa na picha za karatasi zote kwenye simu nikampa, akasoma ile katiba taratibu, ukurasa kwa ukurasa, wateja wengine wanasubiri. Akaniambia, "Kijana wangu, hapa naona Mwenyekiti, naona Katibu, naona Mweka Hazina. Mtume yuko ukurasa wa ngapi?"

Nikatafuta na mimi kama vile labda yupo. Hayupo. Nikamwambia mzee, hicho ni cheo cha kiroho, hakiandikwi kwenye katiba. Akasema sawa, mimi nachonga kilichoko kwenye karatasi, ukitaka mhuri wa Mtume niletee karatasi ya aliyekupa utume. Hakusema kwa dharau hata kidogo, alisema kama fundi cherehani anavyokwambia kitambaa hakitoshi.

Akanieleza na sababu ya kikazi ambayo naomba mtu yeyote anayeanza huduma aishike. Mhuri unaenda na saini, na saini inaenda na katiba. Ukienda benki kufungua akaunti ya huduma wanataka watia saini waliotajwa kwenye katiba, ukienda serikali ya mtaa au polisi kuomba kibali cha mkutano wa nje wanaangalia barua imetoka kwa nani. Alisema kuna mteja wake benki walimrudisha mara mbili kwa sababu barua yake ina mhuri wa cheo ambacho hakipo kwenye karatasi alizosajili. Sikuwahi kuambiwa hivi na mtu yeyote, hata huyo aliyetusaidia kuandika katiba.

Halafu akavuta daftari kutoka chini ya meza, yale makubwa ya kaunta. Kumbe kila mhuri anaochonga anaugonga kwanza humo, anaandika tarehe, anaweka. Akafungua kurasa, akafunika jina la mtu kwa kidole gumba, akanionyesha mihuri minne ya mtu mmoja. Wa kwanza Mchungaji. Wa pili Askofu. Wa tatu Askofu Mkuu. Wa nne Mtume na Nabii. Kati ya wa kwanza na wa nne hata miaka mitatu haijafika. Nikamuuliza mzee, na kanisa lake lilikuwa linakua hivyo hivyo? Akasema mimi sijui mwanangu, mimi nachonga mihuri.

Nilikaa kimya pale muda. Nilikuwa nafikiria baba yangu mdogo kule kijijini, ni mwinjilisti wa KKKT, yaani Walutheri, zaidi ya miaka 20 anazunguka mitaa yake kwa baiskeli, anazika watu, anafundisha watoto kipaimara, mvua ikinyesha anasukuma baiskeli kwenye tope, na mpaka leo ni mwinjilisti. Wachungaji wao wanasoma miaka kwenye chuo cha Makumira na vyuo vingine, wanapelekwa usharikani wanaangaliwa kwanza, ndipo kanisa linawawekea mikono. Mimi nimewekewa mkono usiku mmoja na mtu ambaye hajui hata nina watoto wangapi.

Mzee akaniuliza kama namjua Edmund John. Nilikuwa nimelisikia hilo jina kwa wazee tu. Akasema yeye ni Mwanglikana na miaka ya 70 akiwa mtoto mama yake alimpeleka kwenye maombezi yake hapa hapa Dar, watu wamejaa wengine wamebebwa kwenye vitanda, na huyo mtu aliyekuwa anawaombea hakuwa padri wala shemasi, alikuwa muumini wa kawaida. Nimefuatilia baadaye na ni kweli kabisa. Edmund John alikuwa mlei wa Kanisa Anglikana, ndugu wa damu wa Askofu Mkuu John Sepeku, yaani kama ni vyeo vilikuwa ndani ya nyumba yao, angetaka kupewa kitu sidhani kama angekosa, lakini akafanya huduma yake ya uponyaji mpaka alipofariki mwaka 1975 bila cheo. Watu walikuwa wanamwita ndugu, mzee aliniambia, na mama yake huyu mzee mpaka anakufa alikuwa anasema Ndugu Edmund.

Na hilo neno ndugu sio dogo wapendwa. Wale wa uamsho ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaja Uganda ukashuka mpaka Kagera, walokole, waliitana ndugu wote, askofu na mkulima wanatubu kwenye mkutano mmoja. Hata kwenye siasa, wazee wetu wa TANU walikuwa wanaitana ndugu, na kwenye zile ahadi za mwanachama kuna ile ya cheo ni dhamana, sitakitumia kwa faida yangu. Mzee aliitaja kwa kichwa yote mpaka mwisho huku anapangusa mhuri wa mtu mwingine. Mwalimu Nyerere mwenyewe kaongoza nchi na bado watu wanamwita kwa ile kazi aliyoifanya darasani, na mimi hiyo kazi ninayo tayari, wanafunzi wangu wananiita mwalimu kila siku, nikawa najiuliza nilikuwa natafuta nini kingine.

Nikampigia mke wangu simu nikiwa pale pale kwenye ngazi. Nikamwambia mzee wa mihuri amekataa kuandika mtume. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Baba Neema, mimi nilikuwa naomba akatae mtu mwingine, maana mimi ningesema ungeona sikuheshimu." Sikulala vizuri siku hiyo kwa hilo neno.

Sikuagiza kitu siku ile. Duka lingine wangekuwa wamekasirika, nimekula muda wa mzee karibu saa nzima, lakini alinipa kipande cha karatasi chenye bei zote akaniambia nenda kaongee na watu wako.

Jumapili nikawaambia wote. Haikuwa rahisi. Mama mmoja wa makamo, ambaye ni nguzo kwetu, akasema mwalimu, tusipokuita mtume majirani watasema hilo kanisa halina upako, mbona lile la kule barabarani lina mtume na nabii na watu wanajaa. Na ana hoja, siwezi kusema hana. Cheo kinafungua milango, mtu akisikia nabii anakuja haraka kuliko akisikia mwalimu wa shule ya msingi. Na sisemi vyeo ni dhambi, Waefeso 4 inataja mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na waalimu, na Paulo anamwambia Timotheo anayetamani kazi ya askofu anatamani kazi njema. Ila ni kazi, na mistari michache mbele anasema asiwe mtu aliyeongoka karibuni asije akajivuna. Nikawasomea na Mathayo 23 pale Bwana anapowakataza wanafunzi wasiitwe Rabi kwa sababu wote ni ndugu. Tukabishana mpaka saa nane mchana, chakula kikapoa. Mwisho tukakubaliana hivi: kwenye karatasi nitakuwa Mwenyekiti kama katiba inavyosema, wakiniita waniite mwalimu au ndugu, na kama Mungu amenipa kitu kingine basi kanisa lenyewe na watumishi wakubwa wanaonijua watakiona baada ya miaka, wao ndio waseme.

Na wale wa shahada na joho? Niliwapigia nikaomba wanirudishie 200,000 yangu. Wakasema ni mbegu, haitoki. Nikauliza chuo chenyewe kiko wapi na nani anakitambua, simu ikakatwa, na hadi leo hawapokei. Hao siwapi nyota hata moja. Ninyi mnaoanza, mtu akikupa bei ya uaskofu kabla hajakuuliza unachunga watu wangapi, ondoka. Watu wanasema serikali zinaingilia makanisa, lakini Rwanda mwaka 2018 walipoweka sheria kwamba kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia na kuwapa miaka 5 waliokuwa hawana, walikuwa wameshafunga mamia ya makanisa Kigali, na tusipojipima wenyewe na huku tutapimwa na wengine.

Basi wiki iliyofuata nikarudi Mnazi Mmoja kuagiza. Hapa sasa ndio kazi yenyewe.

Bango, mita 6 za mraba kwa 12,000 kila mita, 72,000. Picha yangu tumetoa, moto tumetoa, tumeacha jina la huduma, siku na saa za ibada, mahali na namba ya simu. Kijana wa kompyuta alishangaa, akasema mtumishi bango bila picha ya mtumishi watu hawasimami kulisoma, ila akafanya vizuri sana, maandishi makubwa yanasomeka kutoka upande wa pili wa barabara, na ile nafasi ya picha akaijaza kwa saa za ibada. Matundu ya kufungia kamba yameshika vizuri, upepo umeshalipiga sana halijachanika. Rangi ya bluu imeanza kupauka baada ya mvua na jua la miezi minne, hapo wangenishauri mapema nichague rangi iliyokolea.

Mihuri miwili ya kubonyeza inayojipaka wino, mmoja Mwenyekiti mmoja Katibu, 35,000 kila mmoja, 70,000. Hii ndio kazi bora ya duka, herufi zimekatwa safi, hata zile ndogo za sanduku la posta zinasomeka. Karatasi za kichwa 200 kwa 40,000, kawaida tu. Kadi 100 kwa 25,000, jina langu bila kitu mbele, namba ya simu, basi.

Vitabu vya stakabadhi vitano, 8,000 kila kimoja, 40,000, na hapa ndio waliniangusha. Kitabu kimoja namba 38 ilirudiwa mara mbili na 39 haipo. Mtu mwingine ataona ni jambo dogo ila kwa huduma changa hiyo ni hatari, mweka hazina wetu ni dada makini sana, alikiona siku ile ile akasema hiki hakitumiki, maana mtu akija kuuliza sadaka yake ya namba 39 iko wapi tutajibu nini. Nilirudisha, wakachapa kingine bure bila maneno, lakini ilinigharimu nauli na nusu siku. Kagua kila kitabu namba kwa namba kabla hujaondoka.

Kasoro nyingine, waliniambia Jumatano ikawa Ijumaa, na simu walipokea mara moja tu. Jumla ilikuwa 247,000, nililipa, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilibidi niiombe, walinipa lakini walitakiwa wanipe bila kuomba. Pia ngazi ni nyembamba na giza, kama una mzee au mtu mwenye shida ya miguu umwache chini.

Kwa ujumla nawapa nyota 4 kati ya 5. Kwa mabango peke yake kuna sehemu Kariakoo bei ni ya chini zaidi, lakini kwa mhuri wa taasisi sitakwenda kwingine. Nenda asubuhi kabla ya saa tano, mzee anaondoka mapema, na vijana hawachongi mhuri asipokuwepo. Beba cheti na katiba, sio picha kwenye simu kama mimi, beba nakala za karatasi maana anasoma kweli.

Wiki iliyopita nilipita kufuata vitabu vingine vitatu. Mzee alinikumbuka, akaniuliza mwalimu hamjambo huko, mmefika wangapi. Nikamwambia 26. Akafungua lile daftari akatafuta ukurasa wetu, akauliza mhuri bado unagonga vizuri? Nikamwambia wino umeanza kufifia. Akautoa mkononi mwangu, akaufungua, akaongeza wino, akaugonga pembeni ya ule wa kwanza kuona kama umekolea. Elfu 3.